Kuandikwa kazi: kutoka waandikishaji wa Katanga hadi watafutaji wa watu wa kompyuta



Juma lililopita dada mmoja alinifikia na swali. Yeye ni mhami. Alikimbia na mama yake na wadogo zake, na sasa wanakaa kwa familia iliyowapokea. Kabla ya vita kuwafikia alikuwa amesoma informatiki kwa miaka 3. Ameitwa kuhojiwa kwa simu na ofisi moja inayoyatafutia makampuni watu wa kompyuta. Yeye hatatengeneza programu. Kazi yake itakuwa kuwatafuta wanaozitengeneza, kuwauliza maswali, na kuwapeleka kwa mwajiri. Aliniuliza: "Kaka, hiyo ni kazi gani kweli? Na nijitayarishe namna gani?"

Mama yake alikuwa ameketi karibu. Yeye hakuuliza juu ya kompyuta. Aliuliza: "Hao watu wa kuandikisha wengine, si ndio wale wanaouza watoto wa watu?"

Nimeona maswali hayo mawili ni swali moja. Kumtafutia mtu kazi ni jambo la zamani, na kwetu Congo lina historia nzito. Mtu anayejitayarisha kuingia katika kazi hiyo afadhali aijue historia yake, maana mahojiano yenyewe yatamuuliza mambo ambayo historia imekwisha kuyajibu. Basi leo tuanzie kwetu, kisha twende Ulaya na Marekani ambako kazi ya kutafuta watu wa kompyuta ilizaliwa, halafu turudi kwa dada yetu na simu yake.

Waandikishaji wa Katanga

Wazee wetu hawakusema "niliajiriwa". Walisema "niliandikwa kazi". Neno hilo lina maana yake. Mtu alikuja na kitabu, akaandika jina lako, na kuanzia hapo jina lako lilikuwa ndani ya kitabu cha mwingine.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Shaba ilikuwepo, mashine zikaja, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kilichokosekana ni watu. Katanga ya wakati huo haikuwa na wakaaji wengi, na wachache waliokuwepo walikuwa na mashamba yao. Hawakuona sababu ya kuyaacha waende kuchimba shimo la mwingine. Kwa hiyo mwaka huohuo wa 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, yaani ofisi kubwa ya kutafuta wafanyakazi kwa ajili ya migodi na makampuni mengine.

Mwandikishaji wa ofisi hiyo alikwenda kijijini. Hakuanza na kijana anayetafuta kazi. Alianza na chifu. Chifu alipewa zawadi, kisha akataja majina. Kodi ya serikali nayo ilisukuma, kwa kuwa mwenye kudaiwa kodi kwa fedha lazima atafute mahali fedha zilipo. Kijana hakuulizwa anajua nini, anataka nini, wala ana mke na watoto wangapi. Aliyehesabiwa ni mtu mzima mwenye mikono miwili. Wafanyakazi wengine walitoka mbali zaidi, kama Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katika miaka ya 1920 wengine waliletwa kutoka Ruanda-Urundi, nchi ya baridi na milima, wakaingia katika kambi za joto zenye chakula wasichokizoea.

Matokeo yalionekana haraka. Katika kambi za miaka ile ya kwanza watu walikufa kwa nimonia, kwa homa ya matumbo, kwa kuhara, na mwaka 1918 homa kuu ya mafua ikaongeza vifo. Wengine walitoroka usiku. Kila aliyekufa na kila aliyetoroka, mwandikishaji alirudi kijijini kutafuta mwingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni yenyewe ilipiga hesabu na kuona kwamba njia hiyo inakula fedha. Kumleta mtu mpya kutoka mbali, kumlisha njiani na kumfundisha kazi, halafu akaondoka baada ya miezi michache, ni hasara. Karibu na mwaka 1928 ikaanza kutoa mikataba ya miaka 3, kuwaruhusu wanaume kuja na wake zao, kujenga nyumba, zahanati na shule. Tusidanganyane: haikuwa huruma. Udhibiti ulibaki, na mtu aliendelea kuwa chini ya kampuni hata nyumbani kwake. Lakini walijifunza jambo ambalo kila mtafuta wafanyakazi hadi leo hujifunza, mwingine kwa akili na mwingine kwa hasara: ukimpeleka mtu mahali pasipomfaa, utarudi kumtafuta mwingine.

Ndiyo maana mama yule aliuliza swali lake. Katika kumbukumbu ya familia nyingi za huku, mwandikishaji ni mtu anayelipwa kwa idadi ya vichwa.

Kazi isiyokuwa na shule

Sasa tuvuke bahari, maana kompyuta zilipotokea, tatizo la Katanga lilitokea tena kwa sura nyingine. Mashine zipo, watu hawapo.

Kompyuta kubwa ya Marekani, ENIAC, ilionyeshwa hadharani mwaka 1946. Waliotayarisha hesabu zake walikuwa wanawake 6. Hawakuwa na kitabu cha kuwafundisha, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa mpya. Miaka 10 baadaye makampuni, benki na majeshi yalitaka mamia ya watu kama wale, na vyuo vilikuwa bado havifundishi somo hilo. Je, utamwandikaje kazi mtu ambaye kazi yenyewe hajawahi kuifanya?

Kampuni ya IBM ilijibu kwa mtihani. Kuanzia mwaka 1955 ilitumia mtihani wa kipaji cha kutengeneza programu: safu za namba za kukamilisha, michoro ya kulinganisha, na hesabu za maneno kama zile za shule ya msingi. Makampuni mengine yakafuata. Mtihani huo ulikuwa na uzuri wake, kwa kuwa haukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Lakini aliyesoma hesabu shuleni alikuwa na nafasi kubwa kuliko asiyesoma, na shule nyingi za wasichana wakati ule hazikufundisha hesabu za juu.

Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Cannon na Dallis Perry, walichunguza watengeneza programu waliokuwa tayari kazini, wengi wao wakiwa wanaume. Walisema watu hao wana alama moja: hawapendi sana mambo ya kushughulika na watu. Waandikishaji walilishika neno hilo. Wakaanza kutafuta kijana wa kiume, mkimya, asiyependa watu. Walipoendelea kuwaandika hao tu, kazi ikajaa hao tu, na kila aliyetazama akasema: "Unaona? Kweli watu wa kompyuta ndivyo walivyo." Swali lililoulizwa mlangoni lilichagua ni nani atakayeonekana ndani ya nyumba.

Mkumbuke jambo hilo, maana sasa nataka kuwasimulia juu ya mtu aliyeuliza swali tofauti mlangoni.

Mtoto mkimbizi aliyewatafutia wanawake kazi

Mwaka 1933, katika mji wa Dortmund huko Ujerumani, alizaliwa msichana aliyeitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa jaji, naye alikuwa Myahudi. Wanazi waliposhika utawala alipoteza kazi, na familia ikahama hadi Vienna. Mwaka 1939, kabla ya vita kuanza, wazazi waliwapandisha Vera na dada yake kwenye treni iliyokuwa ikiwapeleka watoto Uingereza bila wazazi. Vera alikuwa na miaka 5, dada yake miaka 9. Karibu watoto 10,000 waliokolewa kwa mpango huo. Wengi wao hawakuwaona tena wazazi wao. Vera aliwaona, lakini alisema baadaye kwamba hakuweza tena kuwa mtoto wao kama zamani. Alilelewa na familia ya Kiingereza iliyompokea.

Familia zetu za wahami zinaelewa habari hiyo bila mimi kuieleza.

Shule yake ya wasichana haikufundisha hesabu za kutosha, basi ikabidi apelekwe kusoma hesabu katika shule ya wavulana. Alipofika miaka 18 aliingia kazini katika kituo cha utafiti cha Posta ya Uingereza, mahali ambapo kompyuta za mwanzo zilikuwa zinajengwa, na jioni akasoma hadi akapata shahada ya hesabu. Wakati huo alikuwa amebadili jina, akawa Stephanie, na baada ya kuolewa akawa Stephanie Shirley. Kazini aliona kwamba mwanamke akifika ngazi fulani hapandi tena. Aliona pia wanawake wenye ujuzi wakiondoka wanapoolewa au wanapozaa, na ujuzi wao ukikaa jikoni bila kutumiwa.

Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake, Freelance Programmers, kwa paundi 6 tu. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Makampuni yanahitaji programu. Kuna wanawake wanaojua kuzitengeneza, lakini wako nyumbani na watoto. Basi kazi iwafuate nyumbani. Wakati ule programu iliandikwa kwa kalamu na karatasi, kisha ikapelekwa kutobolewa kwenye kadi au utepe ili mashine iweze kuisoma. Kwa hiyo meza ya jikoni ilitosha.

Aliandika barua kwa makampuni kutafuta kazi, akitia sahihi "Stephanie". Hakuna aliyejibu. Mume wake akamshauri atumie jina la kifupi ambalo ni la kiume, "Steve". Majibu yakaanza kuja. Alipokuwa akizungumza na wateja kwa simu, alicheza kanda yenye sauti za taipureta ili mteja asisikie mtoto akilia, adhani anaongea na ofisi kubwa.

Na mlangoni aliuliza nini? Moja ya maswali ambayo kampuni yake iliwauliza walioomba kazi ni hili: je, unaweza kupata simu? Maana kazi ya mtu aliye nyumbani ilihitaji kwanza ujuzi, kisha njia ya kuwasiliana. Hakuwauliza "kwa nini uliacha kazi miaka 3?" kana kwamba kulea mtoto ni kosa.

Kati ya wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Kazi mojawapo waliyofanya ni programu za kinasa habari za safari cha ndege Concorde, ile iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Watu waliopanda Concorde hawakujua kwamba sehemu ya usalama wao iliandikwa na akina mama waliokuwa nyumbani. Mwaka 1975 Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia kazini, na kampuni hiyo iliyojengwa kwa ajili ya wanawake ikalazimika kufungua mlango kwa wanaume pia. Baadaye Shirley aliwapa wafanyakazi sehemu ya hisa za kampuni. Ilipoingia katika soko la hisa mwaka 1996, watu 70 wa kampuni hiyo wakawa mamilionea. Yeye mwenyewe aligawa sehemu kubwa ya mali yake kwa kazi za hisani, hasa kwa ajili ya watu wenye usonji, hali aliyokuwa nayo mtoto wake wa pekee. Alifariki mwaka 2025.

Mwandikishaji wa Katanga na Stephanie Shirley walikuwa na tatizo moja, kazi iliyokosa watu. Mmoja aliwahesabu watu kama magunia. Mwingine aliuliza: ni nani anayejua kazi hii lakini mlango umemfungia, na mlango wenyewe umefungwa na nini?

Benchi na viza

Historia haikuishia pazuri hapo. Miaka ya 1990 ilileta njaa mpya ya watu wa kompyuta. Programu nyingi za zamani, zilizoandikwa kwa lugha ya COBOL iliyoanza mwaka 1959, ziliandika mwaka kwa tarakimu 2 tu. Watu waliogopa kwamba mwaka 2000 ukifika, mashine zitasoma 00 na kudhani ni 1900. Ikabidi mamilioni ya mistari ya programu ikaguliwe upya. India ilikuwa na vijana wengi waliosoma, na makampuni kama Tata Consultancy Services, iliyoanzishwa mwaka 1968, yalikuwa na uzoefu wa kutuma watu wake kufanya kazi nje.

Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1990, ilikuwa imeweka viza ya H-1B kwa wafanyakazi wenye elimu maalumu, isiyozidi 65,000 kwa mwaka. Kwa sababu ya mahitaji, idadi ilipandishwa hadi 115,000 kwa miaka ya 1999 na 2000, kisha 195,000 kwa miaka ya 2001 hadi 2003, halafu ikarudi 65,000.

Katikati ya mwajiri na kijana wa India wakaingia mawakala. Wengi walifanya kazi halali. Lakini wapo waliomleta mtu Marekani kabla ya kumpatia kazi, wakamweka akingoja bila mshahara. Watu wakaita hali hiyo "kukaa benchi", kama mchezaji asiyeitwa uwanjani. Naye aliogopa kulalamika, maana viza yake ilishikwa na yule aliyemleta. Mwaka 1998 sheria ya Marekani ilikataza jambo hilo: aliyemwandika mtu kwa viza hiyo lazima amlipe hata asipokuwa na kazi ya kumpa. Sheria ya mwaka 2000 ikamrahisishia mfanyakazi kuhamia kwa mwajiri mwingine.

Wakati huohuo Shirika la Kazi la Kimataifa, lililoanzishwa mwaka 1919, liliandika mwaka 1997 Mkataba namba 181 juu ya mawakala binafsi wa ajira. Kanuni yake kubwa ni fupi: wakala asimtoze mfanyakazi malipo, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Mkataba unaacha nafasi ya vighairi fulani vinavyoruhusiwa na serikali, lakini kanuni ndiyo hiyo. Anayelipa ni mwajiri, kwa sababu ndiye aliyeagiza mtu.

Mama yangu, uliyeuliza kama hao ndio wanaouza watoto wa watu, hapo ndipo pa kuwatambua. Mtafuta wafanyakazi wa kweli hulipwa na kampuni. Ama hupewa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa yule aliyeajiriwa, ama huchukua tofauti kati ya kiasi kampuni inacholipa kwa saa na kiasi mfanyakazi anachopata. Anayemwomba kijana "fedha za fomu", "fedha za mafunzo", "fedha za viza", au anayetaka kushika pasipoti na kadi ya uchaguzi ya mtu, huyo ni mwandikishaji wa vichwa, hata akivaa tai na kutuma barua yenye nembo. Nimeona familia iliyohama ikiuza mbuzi wa mwisho kwa ahadi kama hiyo, na simu ya aliyeahidi ikazimika siku ileile. Kwetu Congo kuna ofisi ya serikali ya ajira, ONEM, iliyoundwa mwaka 2002. Panapokuwa na ofisi yake karibu, ni vizuri kuuliza huko kabla ya kutoa hata franka moja.

Basi, dada, ujitayarishe namna hii

Sasa ninarudi kwako. Mtu atakayekuhoji hatakupa mtihani wa kutengeneza programu. Atataka kujua mambo manne.

La kwanza, kama unaelewa kazi unazoziandikia watu. Ujue kutofautisha anayetengeneza sehemu ya programu ambayo macho yanaona, anayetengeneza sehemu ya nyuma inayotunza habari, anayelinda usalama, anayejaribu programu kutafuta makosa, anayesimamia mashine na rezo, na anayesaidia watumiaji kwa simu. Ujue pia mitego. Java na JavaScript zote zilitoka mwaka 1995 na majina yao yanafanana, lakini ni lugha mbili tofauti kabisa. Mtafutaji anayempigia mtu wa Java kumpa kazi ya JavaScript atachekwa, na mtu huyo hatapokea simu yake tena. Vilevile usimwombe mtu uzoefu wa miaka 10 katika lugha yenye umri wa miaka 6. Usipojua neno, liulize. Wewe ulisoma informatiki, kwa hiyo hapa unawatangulia wengi.

La pili, kama unajua kusoma agizo la mwajiri. Atakupa karatasi yenye mahitaji 15. Jibu zuri ni hili: "Kwanza nitampigia mteja nimuulize ni mahitaji gani matatu ambayo mtu akikosa hawezi kuanza kazi, na ni yapi anayoweza kujifunza akiwa kazini." Karatasi ya mahitaji mengi huwafukuza watu wazuri, kama ule mtihani uliowaacha wasichana nje.

La tatu, kama unajua kutafuta na kuzungumza. Utaulizwa: "Utampataje mtu huyu ndani ya siku 5?" Eleza hatua zako. Utaandika maneno matatu manne ya kutafutia, utatazama mitandao ya watu wa kazi hiyo, utawauliza wale uliosoma nao, utapiga simu, utaandika matokeo. Uwe na daftari: niliowapigia, waliojibu, niliowapeleka, walioajiriwa. Mazoezi ya simu uyafanye na kaka yako au jirani, dakika 15, ukimuuliza juu ya kazi yake ya mwisho: ulifanya nini wewe mwenyewe, na kikundi kilifanya nini? Maswali yako yawe yaleyale kwa kila mtu, ili umpime kwa kazi na si kwa kabila, lafudhi au jinsia.

La nne, kama unaweza kusema ukweli pale ambapo uongo unalipa. Watakuuliza: "Mteja anataka mtu kesho, na uliye naye hafai vizuri. Utafanya nini?" Au: "Mtu amekubali kazi, siku ya mwisho anabadili nia." Wewe useme kwamba utamwambia mteja wazi, na kwamba mtu aliyewekwa pasipomfaa ataondoka na kazi itaanza upya. Unaweza hata kuwaambia kwamba migodi ya Katanga ilijifunza hivyo kwa hasara. Utaulizwa pia unavyowajibu waliokosa. Wajibu wote. Mtu anayengoja simu isiyokuja anateseka, nawe unalijua hilo kuliko anayekuhoji.

Na juu ya pengo katika CV yako, usiogope. Utasema kwa kifupi: mwezi fulani tulihama kwa sababu ya vita, tangu hapo nimefanya hili na lile. Huna deni la kumsimulia mtu mateso yako ili akupe kazi. Baada ya hapo mrudishe kwenye ujuzi wako. Ukishaandikwa, nawe utaona CV za vijana wengine zenye pengo kama lako. Watafutaji wengine huzitupa. Wewe utajua kupiga simu na kuuliza.

Siku yenyewe, chaji simu tangu usiku, uazime laini ya pili ya mtandao mwingine, na utafute mahali penye rezo na pasipo kelele. Mwambie anayekuhoji mwanzoni kwamba simu ikikatika utampigia tena ndani ya dakika 2. Mtoto akilia nyuma yako, usihangaike kama Stephanie Shirley na kanda yake ya taipureta. Endelea tu.

Mwisho nawe uwaulize wao. Je, mnawatoza watu mnaowatafutia kazi? Mshahara wangu unategemea idadi ya watu tu, au pia mtu kubaki kazini? Mkataba wangu uko kwa maandishi? Majibu yao yatakuonyesha kama ofisi hiyo ni ya nani: ya kitabu cha vichwa, au ya watu.

Dada yetu aliyaandika maswali hayo kwenye daftari la mdogo wake. Mama yake alimwomba amsomee lile la kwanza mara mbili. Kisha akasema: "Hilo uliulize kabla ya yote. Wakikasirika, kata simu."

Mahojiano ni Jumatano. Tukipata ruhusa yake tutawaambia yalivyokwenda. Nanyi mliokuwa na habari ya ofisi inayotoza vijana fedha kwa ahadi ya kazi, mtufikishie, tutaichunguza bila kutaja jina lenu. Mbaki salama.